Kuvusha Dawa na Vifaa Tiba Mpakani Wakati wa Vita

Lori la dawa linapokwama mpakani wakati wa vita, mara nyingi kisa ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Katoni moja ina bechi (namba ya kundi la dawa lililotengenezwa pamoja) isiyokuwamo kwenye orodha. Ampuli za diazepamu zimechanganywa na glavu bila kibali. Dereva hana bima ya upande wa pili. Wakati wa amani makosa haya hugharimu siku mbili na faini. Wakati wa vita mpaka unaweza kufungwa usiku huohuo, na daktari anayesubiri ketamini, dawa ya kulaza mgonjwa wa upasuaji, ili akate mguu uliooza hana pa kuipata kwingine.

Maelezo haya ni ya vikundi na mashirika yanayopeleka mzigo kwa malori, kuanzia tela moja. Yanakaa zaidi kwenye makaratasi, baridi na kuhamisha mzigo, kwa sababu huko ndiko shehena nyingi zinakoharibikia.

Orodha itoke kwa mpokeaji

Usikusanye hata sanduku moja kabla hujapata agizo la maandishi kutoka hospitali au idara ya afya itakayopokea, lenye jina la mhusika, namba zake mbili za simu na tarehe. Agizo linalofaa hutaja jina la asili la dawa badala ya jina la kibiashara, nguvu yake, umbo lake na idadi. "Seftriaksoni gramu 1, unga wa sindano, vichupa 2,000" ni agizo. "Antibiotiki za majeruhi" ni ombi ambalo bado halijafika mahali pa kununuliwa; rudi kwa mwombaji umuulize.

Uliza pia mambo ambayo wapokeaji husahau kuyasema: stoo yao ina nafasi ya paleti ngapi, friji yao inapata umeme saa ngapi kwa siku, na kama wana watu au forklifti ya kushusha. Hospitali yenye umeme wa saa 4 kwa siku haiwezi kupokea insulini ya miezi 6, hata kama iko tayari kuisaini.

Hasara ya kutouliza inajulikana. Uchunguzi uliofanywa kuhusu dawa zilizopelekwa Bosnia na Herzegovina kati ya 1992 na 1996 ulikuta kwamba nusu au zaidi ya dawa zote hazikufaa, na takriban tani 17,000 zilikuwa takataka ambazo nchi iliyotoka vitani ililazimika kutafuta pa kuziteketeza. Zilikuwamo dawa zilizopitwa na wakati, dawa zisizojulikana ni za nini, na mabaki ya kabati za watu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu kutoa dawa kama msaada imejengwa juu ya masomo ya namna hiyo. Masharti yake ya msingi ni haya: dawa iwe kwenye orodha ya dawa muhimu ya nchi inayopokea au iwe imekubaliwa nayo, itoke kwa chanzo chenye ubora unaotambulika, iwe na lebo katika lugha inayoeleweka na jina lake la asili, na iwe imebakiza angalau mwaka 1 kabla ya kuisha muda siku inapofika. Tarehe fupi zaidi hukubalika pale tu mpokeaji alipokubali kwa maandishi na ana uhakika wa kuzitumia kabla hazijaisha. Dawa zilizorudishwa na wagonjwa na sampuli za bure usizipokee kabisa, hata zikiletwa na daktari kwa mkono wake.

Kama mpokeaji hana hali ya kuandaa agizo la kina, kwa mfano mji umezingirwa wiki hii, tumia vifurushi vilivyokwisha kupangwa. Kifurushi cha pamoja cha dharura cha afya, kinachojulikana kwa kifupi IEHK, kimepangwa kuhudumia watu 10,000 kwa takriban miezi 3 na kina uzito wa karibu tani moja. Kuna vingine vya majeruhi na upasuaji, na vya kipindupindu. Uzuri wake ni kwamba hakuna kinachosahaulika. Ubaya wake huonekana kuanzia mwezi wa nne: vitu fulani vimekwisha, vingine vimejaa stoo, na ukileta kifurushi kingine unaongeza rundo lilelile. Hali ikitulia hata kidogo, rudi kwenye agizo la kitu kimojakimoja.

Mashine zina maswali yake. Umeme wa kule ni volti 220 au 110? Plagi ni ya aina gani? Mashine ya maabara inatumia vitendanishi (kemikali za kupimia) vyake pekee au vya kampuni yoyote? Mashine ya kuzalisha oksijeni ya lita 5 kwa dakika hula wati 350 hivi muda wote inapowaka, kwa hiyo mashine 10 zinahitaji jenereta ya kuziendesha hizo peke yake, na chujio za akiba za kila moja. Mashine isiyokuja na vipuri na kitabu cha matumizi itakufa ndani ya miezi michache, na kuirudisha mpakani kwa ukarabati ni kazi ngumu kuliko kuiingiza.

Dawa zinazodhibitiwa zisafiri peke yake

Mofini iko chini ya Mkataba wa 1961 wa dawa za kulevya. Diazepamu, midazolamu na fenobabitali ziko chini ya Mkataba wa 1971. Kwa mofini ni sharti, na kwa zile nyingine nchi nyingi hudai vivyo hivyo, kwamba nchi inayopokea itoe kibali cha kuingiza, nchi inayotuma itoe kibali cha kutoa, na idadi ilingane na makadirio yaliyopelekwa kwenye bodi ya kimataifa ya udhibiti, INCB. Mchakato huo unaweza kuchukua wiki nyingi, na nchi iliyo vitani huenda haina ofisi inayofanya kazi.

Kwa sababu hiyo, 1996 iliandaliwa miongozo ya utaratibu mwepesi wa dharura. Chini yake, mamlaka ya nchi inayotuma inaweza kuruhusu dawa zitoke bila kusubiri kibali cha upande wa pili, kwa mtumaji anayetambulika na kwa mahitaji ya tiba ya dharura. Nenda kwa mamlaka ya dawa ya nchi unayotokea, uliza kama wanautumia, na peleka maombi yenye jina la dawa, idadi, mpokeaji na njia. Shirika dogo lisilo na leseni ya dawa halitakubaliwa. Katika hali hiyo acha dawa hizi zipelekwe na WHO au shirika lenye leseni, wewe peleka vingine. Huo ndio uamuzi wa busara, na ni wachache wanaoufanya mapema.

Ketamini na tramadoli hazimo kwenye mikataba hiyo, lakini nchi nyingi zimezibana kwa sheria zao. Zichukulie kama zinadhibitiwa mpaka uthibitishe kwa maandishi kwamba hapana, katika kila nchi ambayo lori litakanyaga, zikiwamo zile za kupita tu.

Kwenye lori, weka dawa hizi kwenye katoni zake, na orodha yake, na lakiri yake (kifungio chenye namba kisichofunguka bila kukatwa), karibu na mlango. Ofisa akiamua kuzizuia, atashusha katoni 3 na tela lililobaki litaendelea. Zikiwa zimetawanywa katikati ya mzigo, kitakachozuiwa ni tela zima.

Makaratasi

Kabla hujafungasha, kamilisha seti hii, nakala 5 za karatasi na moja ya kielektroniki:

- Ankara ya profoma yenye thamani halisi ya kila kitu, ikieleza kwamba thamani ni kwa ajili ya forodha tu na mzigo hauuzwi.
- Orodha ya upakiaji.
- Cheti cha msaada kutoka kwa mtumaji na barua ya kukubali kutoka kwa mpokeaji.
- Vyeti vya uchambuzi wa ubora kwa kila bechi ya dawa, na cheti cha asili ya bidhaa pale kinapotakiwa.
- Kibali cha kuingiza dawa na barua ya msamaha wa ushuru.
- Hati ya usafirishaji ya barabarani (CMR au ile inayotumika eneo hilo), na TIR (hati ya kupita nchi kadhaa bila kulipa ushuru njiani) kama lori linapita nchi ya tatu iliyo ndani ya mfumo huo.
- Karatasi za usalama za kemikali kwa kila kitu cha hatari.

Thamani usiiandike sifuri. Forodha hawaamini tela la dawa lisilo na thamani, na bima hailipi kitu kilichoandikwa hakina bei. Soma pia bima yenyewe: bima ya kawaida ya mzigo huondoa hasara za vita, kwa hiyo nyongeza ya vita hununuliwa peke yake na huwa na tarehe, njia na mipaka yake.

Orodha ya upakiaji ndiyo karatasi itakayosomwa zaidi ya zote. Mstari mmoja uliokamilika unaonekana hivi: *Katoni 014 hadi 033 kati ya 212; paleti 2; ringa lakteti ml 1,000; chupa 10 kwa katoni; jumla 200; bechi na tarehe ya kuisha kama zilivyochapwa; kilo 11.5 kwa katoni. Hifadhi chini ya 30°C.* Mtu aliyeshika mstari huo anaweza kuikuta katoni yoyote ndani ya dakika 2 na kuona kwamba ndani mna kile kilichoandikwa. Andika "vifaa mbalimbali vya hospitali" uone: kila katoni itafunguliwa juani, na zitakazofungwa tena hazitafungwa kama ulivyozifunga wewe.

Bechi zinapochanganyika ndani ya katoni moja, igawe. Ikishindikana, andika kila bechi na idadi yake nje ya katoni na kwenye orodha. Anayeandaa orodha asiwe ndiye anayeihakiki. Mtu wa pili achukue katoni 1 kati ya kila 10 bila kuchagua, afungue, asome bechi kwa sauti, na wa kwanza afuate kwenye karatasi. Wakikuta kosa moja, wahesabu paleti nzima. Fanyeni hivyo ghalani, maana mpakani hakuna meza wala muda.

Jina la mpokeaji liandikwe kwa herufi zilezile kwenye kila hati. Hospitali moja ikiandikwa kwa tahajia mbili, kwa ofisa wa forodha hizo ni hospitali mbili. Tafsiri hati zote katika lugha ya upande unaopokea, na tafsiri ipigwe muhuri pale sheria inapodai.

Malipo nayo ni karatasi. Azimio 2664 la Baraza la Usalama, la 9 Desemba 2022, lilitoa nafasi kwa fedha za misaada ya kibinadamu katika vikwazo vya Umoja wa Mataifa vya kuzuia mali. Hata hivyo vikwazo vya nchi mojamoja vina masharti yake, na benki zinaogopa. Ipe benki mkataba wa usafiri, barua ya mpokeaji na maelezo ya njia wiki kadhaa kabla ya kulipa. Ukingoja mpaka dereva anadai mafuta mpakani, umechelewa.

Ruhusa ya kuvuka

Sheria ipo upande wa mzigo, kwa masharti. Kifungu cha 23 cha Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 kinazitaka nchi ziruhusu dawa na vifaa vya hospitali vya raia vipite, hata vikienda kwa adui, mradi hakuna sababu nzito za kuogopa kwamba vitageuzwa njia, kwamba havitasimamiwa ipasavyo, au kwamba vitampa adui faida ya wazi ya kijeshi. Soma masharti hayo matatu kama maswali utakayoulizwa, na uwe na majibu: nani anapokea, nani anakagua, na kuna nini ndani kinachoweza kutumika vitani. Katika vita vya ndani ya nchi, ridhaa ya serikali husika inahitajika, ingawa haipaswi kunyimwa bila sababu ya haki.

Ridhaa hizi hubadilika. Kwa Syria, Azimio 2165 la 14 Julai 2014 lilifungua vivuko vinne kwa Umoja wa Mataifa na washirika wake: Bab al-Salam, Bab al-Hawa, Al Yarubiyah na Al-Ramtha. Kufikia Julai 2020 kilibaki Bab al-Hawa peke yake. Kwa Sudan, kivuko cha Adré kutoka Chad kilizuiwa Februari 2024 na kuruhusiwa tena Agosti, wakati mvua zimekwisha kuharibu barabara za Darfur. Aliyekuwa na njia moja tu kwenye mpango wake alisimama na shehena yake. Kila mpango uwe na kivuko cha pili, ukiwa umekwisha kuuliza hati zake, saa zake za kufungua, urefu wa juu wa paleti unaoruhusiwa, na madereva wa nchi zipi wanakubaliwa hapo.

Pale Kundi la Uratibu wa Usafirishaji wa misaada linapofanya kazi, linaongozwa na Mpango wa Chakula Duniani (WFP). Hata shirika dogo linaweza kuomba nafasi ya ghala au lori, na mara nyingi bila malipo. Hudhuria vikao vyake kabla ya kukodi lori lako. Ndipo utakapojua kivuko gani kimejaa, barabara gani imevunjika, na bei gani madereva wanalipwa.

Vitu vinavyoweza kutumika kijeshi viandikiwe barua yake na kuombewa kibali mapema: jenereta kubwa, paneli za sola, betri, simu za setilaiti, mashine za eksirei, hidrojeni peroksidi iliyokolea. Hata turniketi na vifaa vya kuzuia damu vimewahi kutiliwa shaka. Kama kuna kitu ambacho huna uhakika nacho, kitume kwenye lori la pili.

Kufungasha na kupakia

Tela la mita 13.6 hubeba paleti 33 za sm 80 kwa 120, na uzito wa tani 24 hivi. Dripu zitakumalizia uzito kabla ya nafasi; pamba, bandeji na glavu zitakumalizia nafasi kabla ya uzito. Changanya hayo mawili: dripu chini na usawa wa ekseli, vyepesi juu. Paleti yenye kitu cha aina moja hukaguliwa haraka kuliko mchanganyiko, na skana huisoma vizuri.

Katoni zisizidi kilo 25, na kilo 15 ni bora zaidi, kwa kuwa upande wa pili zitabebwa mabegani. Kila katoni iandikwe pande mbili kwa kalamu isiyofutika: namba yake kati ya jumla, kilichomo, tarehe ya kuisha, joto la kuhifadhi. Jina la dawa zinazodhibitiwa usiliandike nje; namba inatosha. Bandeji za plasta na vidonge vya misoprostoli huharibiwa na unyevu, basi vizungushie nailoni ndani ya katoni, achilia mbali ile ya nje ya paleti.

Klorini ya unga ni kundi la 5.1 la mizigo ya hatari, kitakasa mikono cha alkoholi ni kundi la 3. Vikigusana vinaweza kuwaka vyenyewe. Visipakiwe pamoja hata kama nafasi imebaki. Betri za lithiamu ni kundi la 9 na zinataka lebo yake.

Pakia kinyume cha utaratibu wa kushusha: cha mwisho kushushwa kiingie kwanza. Funga mlango kwa lakiri ya bolti yenye kiwango cha ISO 17712, andika namba yake kwenye hati ya usafirishaji, piga picha. Mpe dereva lakiri 5 za akiba na daftari. Ofisa akikata lakiri, dereva aandike saa, mahali, namba ya zamani, namba mpya, na kuomba saini. Lakiri isiyo na maelezo ndiyo inayozaa tuhuma za wizi mwisho wa safari.

Baridi

Insulini, oksitosini, suksamethoniamu, immunoglobulini ya pepopunda na chanjo zinataka 2°C hadi 8°C. Swali la kwanza ni kama unaweza kuziepuka. Zote mbili zikiwa za kulegeza misuli wakati wa upasuaji, vekuroniamu ya unga haihitaji friji kama suksamethoniamu, ingawa daktari wa nusukaputi ndiye mwenye kusema kama inafaa kwa kazi yake. Haifanyi kazi kwa kasi ileile. Kabetosini isiyoathiriwa na joto huzuia kutokwa damu baada ya kujifungua bila friji, lakini kazi yake ni kuzuia, hivyo oksitosini bado inahitajika kwa tiba. Kila dawa unayoiondoa kwenye boksi baridi inakupunguzia mzigo mmoja wa wasiwasi.

Kinachobaki kisafiri kwenye maboksi baridi yaliyoidhinishwa na WHO. Yale ya safari ndefu hupimwa yakiwa kwenye joto la 43°C na yanatakiwa kuhimili angalau saa 96. Ya safari fupi, saa 48. Saa hizo ni za boksi lisilofunguliwa. Panga safari kwa nusu yake, sababu mpakani litafunguliwa.

Kosa linaloua dawa nyingi ni kuzigandisha. Chanjo ya homa ya ini B huganda kwenye -0.5°C, ya pepopunda haivumilii kuganda, na insulini iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Hutokea pale mtu anapotoa pakiti za barafu kwenye friza ya -20°C na kuzipanga boksini papo hapo, akidhani anaongeza usalama. Zitandaze mezani kwanza. Baada ya muda ganda jeupe la nje litatoweka na matone yatatokea. Chukua moja, itikise sikioni: ukisikia maji yakicheza ndani, iko kwenye 0°C na iko tayari. Kama kimya, subiri. Usiende kwa saa, maana chumba chenye 20°C na ghala lenye 38°C hazifanani.

Kila boksi liwe na kifaa cha kurekodi joto, kimewekwa kusoma kila dakika 10, kikae katikati ya dawa na kisiguse pakiti. Nje bandika karatasi ya lugha ya upande wa pili: usifungue juani, usifungue zaidi ya mara moja, piga simu hii. Mweleze mpokeaji mapema jinsi ya kusoma kifaa, kwa sababu joto lililopanda hadi 12°C kwa saa 2 linaweza kuvumilika kwa dawa moja na kuwa mwisho wa nyingine. Uamuzi huo ni wa mfamasia mwenye maelezo ya mtengenezaji mkononi.

Kuhamisha mzigo mpakani

Kwenye mipaka mingi ya vita, malori ya upande mmoja hayaingii upande wa pili. Yanakutana kwenye uwanja wa kati, migongo kwa migongo, na mzigo unahamishwa. Hapa ndipo katoni hupotea, hupasuka na kupigwa jua.

Hakikisha kabla ya siku hiyo: forklifti ipo na ina mafuta, au unajua vibarua wangapi wanaruhusiwa kuingia; lori la kupokea lina ukubwa uleule, kwani paleti 33 haziingii kwenye malori mawili ya tani 7; ofisa wa dawa, na si wa forodha peke yake, atakuwapo; turubai ya kivuli imefungwa. Waliosimama kwenye milango wawe wawili, mmoja wako na mmoja wa upande unaopokea, kila mmoja na nakala ya orodha, wakihesabu pamoja kwa sauti. Boksi baridi zihamishwe za mwisho kutoka na za kwanza kuingia kivulini. Katoni iliyolowa au kupasuka itengwe, iandikwe, isainiwe. Usikubali irudi kwenye rundo kwa haraka ya kufunga geti.

Ukifika saa za mwisho za kazi na mzigo umehama nusu, simamisha na funga malori yote mawili kwa lakiri. Nusu iliyolala ndani ya lori lililofungwa ni salama kuliko shehena nzima iliyohamishwa gizani bila hesabu.

Barabarani

Pale OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada ya kibinadamu, inapoendesha utaratibu wa kuzijulisha pande zinazopigana, peleka njia, saa, namba za malori, majina ya madereva na vipimo vya GPS vya kila kituo, kwa muda wanaoutaka. Hakiki namna vipimo vilivyoandikwa. 33°30′ (digrii 33 na dakika 30) ni sawa na digrii 33.50, lakini mtu akiichapa 33.30 amekosea kwa kilomita 22 hivi, umbali unaotosha kuipeleka hospitali yako upande mwingine wa mstari wa vita. Jambo hili lieleweke kwa wote: kujulisha hakuzuii risasi. Kunampa kamanda habari, hakumwondolei hiari. Madereva waelezwe hivyo bila kupakwa mafuta, na anayekataa kwenda asilazimishwe wala kunyimwa kazi nyingine.

Nembo za Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu zinalindwa na sheria, na haziruhusiwi kwa kila anayebeba dawa. Tumia nembo ya shirika lako, kubwa, juu ya paa pia, pamoja na alama ya kwamba hakuna silaha. Usibebe mtu mwenye silaha, hata kwa kumsaidia mita 500. Ukimbeba, lori limepoteza hoja yake ya ulinzi.

Kwenye vizuizi, msemaji awe mmoja, naye awe na nakala ya kibali ya kuonyesha na nyingine ya kuacha. Wakidai katoni chache, dereva asigombane na asigawe kwa hiari: aombe kupiga simu kwa mratibu, na mratibu awe na namba ya msemaji wa kundi hilo aliyezungumza naye kabla ya safari. Vikichukuliwa kwa nguvu, watu kwanza. Andika kilichochukuliwa, toa taarifa siku hiyohiyo kwa wafadhili na waratibu. Upotevu ulioripotiwa husameheka. Uliofichwa ukigundulika unaweza kufunga njia kwa mashirika yote.

Makabidhiano na mabaki

Mpokeaji ahesabu kwa orodha ileile, asaini kila ukurasa, aandike upungufu na uharibifu kwa namba ya katoni. Pakua data za vifaa vya joto hapo hapo. Picha za makabidhiano ziwe za katoni na lebo. Nyuso za wagonjwa na wahudumu, na mandhari inayotambulisha jengo, viachwe. Hospitali zimeshambuliwa katika vita vingi vya karibuni, na picha yenye mahali na saa ni taarifa kwa anayetafuta pa kupiga.

Baada ya wiki 4 hadi 6 uliza kilichotumika na kilichobaki, kisha urekebishe agizo linalofuata. Dawa zilizoharibika zisiachwe kwa mpokeaji bila mpango. Kuchomea shimoni hutoa moshi wa sumu. Tanuri la vyumba viwili linalofika 850°C ndilo linalotakiwa. Lisipokuwapo, vidonge na unga hujazwa kwenye mapipa ya chuma hadi robo tatu, vikamiminiwa saruji, chokaa na maji, pipa likafungwa na kufukiwa chini kabisa ya dampo. Zinazodhibitiwa huharibiwa mbele ya ofisa wa mamlaka, kwa hati yenye saini. Gharama ya kazi hiyo iwekwe kwenye bajeti ya mtumaji tangu mwanzo.